Je, wajua kwa nini hadi diski inayokufa inakopiwa yote kwanza ndio faili zitafutwe?

Hadi diski ikianza kusumbua, folda inachukua dakika nzima kufunguka, kompyuta inaganda ukigusa picha fulani, watu wengi wanaingia ndani na kuanza kuhamisha faili moja moja kwenda kwenye fleshi, za muhimu kwanza alafu zingine zitafuata. Inaonekana ni akili kabisa. Kumbe ndio njia nzuri ya kuimaliza hio diski, na programu za bure za kuokoa data zinafanya kinyume chake.

Hadi diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kila upande wa sahani una kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea juu yake bila kugusa, uwazi wa hapo kati unahesabiwa kwa nanomita, unywele haupiti hata kwa kulazimisha. Data yako imekatwa vipande vinaitwa sekta, kila kimoja baiti 512, au 4096 kwenye diski nyingi za sasa. Sekta ikiharibika diski haikubali kushindwa kirahisi, inaisoma tena na tena, kichwa kinaenda kinarudi, sekunde zinapita, na hata ikitoa jibu kwamba imeshindikana mfumo wa kompyuta nao unaweza kuomba tena. Ndio hapo kila kitu kinaganda. Sasa kama kichwa kimechoka au sahani ina mkwaruzo, kila marudio yanaongeza uharibifu, na wewe uko pale unang'ang'ania faili moja ya MB 3 wakati sehemu kubwa ya diski ni nzima na haijasomwa bado.

Na ukweli ni kwamba mara nyingi kilichokufa ni kidogo sana. Diski ya TB 1 ina sekta karibu bilioni 2 ukihesabu zile za baiti 512, zikifa 1000 ni kama nusu MB tu. Kwa hio swali sio namna ya kuilazimisha hio nusu MB, ni namna ya kutoa yote yaliyobaki kabla diski haijazima.

Hapo ndio inaingia GNU ddrescue, programu ya Antonio Diaz Diaz, ya bure, inatumika zaidi kwenye Linux, mfumo wa kompyuta kama ilivyo Windows (matoleo yake ya Ubuntu na Debian wanaiita gddrescue ukitaka kuinstoo, usishangae). Yenyewe haijali faili wala folda, inasoma diski sekta kwa sekta na kuandika nakala nzima kwenye faili moja kubwa. Utamu wake uko kwenye mpangilio. Mzunguko wa kwanza inasoma kwa mafungu makubwa, ikikutana na sehemu mbaya haisubiri, inaruka mbele, ikigonga ubaya tena inaruka mbali zaidi, lengo ni kuvuna kwanza kila kilicho rahisi. Alafu inageuka na kusoma kutoka nyuma kuja mbele. Ikishamaliza ndio inarudi kwenye zile sehemu ilizoruka, inapunguza kingo zake, mwisho inachokonoa sekta moja moja. Kama mtu anayechuma embe, zilizoiva chini anachukua zote kabla hajafikiria kupanda tawi lililooza.

Na kila inachofanya inakiandika kwenye faili dogo la ramani: hapa imesomwa, hapa bado, hapa mbovu. Umeme ukikatika, diski ikijizima, waya wa USB ukichomoka, unarudia amri ileile na inaendelea ilipoishia. Mtu akikuambia tumia dd, ile programu ya kawaida ya Linux ya kukopi diski, mwambie hapana, ile ikikuta kosa inasimama palepale, na ukiilazimisha iendelee bado haina ramani.

Kwa vitendo unawasha kompyuta kwa Linux iliyoko kwenye fleshi, kwa mfano SystemRescue ambayo inakuja na hizi programu zote ndani, alafu unaandika lsblk uone diski yako inaitwaje. Angalia ukubwa wake vizuri sana hapo, usije ukachanganya diski mbovu na nzima. Tuseme ni sdb, unaandika:

ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img ramani.map

Hio -n inaiambia isichokonoe kwanza. Ikimaliza unarudia amri ileile bila -n ila ukiongeza -r3, yaani sehemu mbovu zijaribiwe tena mara tatu. Nakala inaenda kwenye diski nyingine nzima yenye nafasi ya kutosha, manake diski ya TB 1 inahitaji TB 1 hata kama faili zako ni GB 40. Na isiwe imefomatiwa FAT32, ile haibebi faili linalofika GB 4.

Kitu cha kuogopa hapa ni Windows kukuambia ufomati diski ndio uitumie, au mtu kukushauri uendeshe chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski. Chkdsk kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa faili, na ili kunyoosha inaandika kwenye diski, inaweza kufuta kile ambacho kingekuongoza kwenye faili zako. Kwa maoni yangu kwenye diski inayokufa haina kazi kabisa. Kuiweka kwenye friza nako achana nako, unyevu ukiganda juu ya sahani ndio basi.

Nakala ikishapatikana diski mbovu unaichomoa na kuiweka pembeni, kazi iliyobaki ni kwenye nakala. Mara nyingi inafunguka tu na folda zote zipo. Kama patisheni (sehemu ya diski inayobeba faili zako) imepotea kuna programu ya TestDisk ya Christophe Grenier, inatafuta ilipokuwa na kuirudisha. Ikishindikana kabisa unahamia PhotoRec, inakuja pamoja na TestDisk, hii haiangalii majina wala folda, inatafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili, picha ya JPEG inaanza na baiti FF D8 FF, PDF inaanza na %PDF, ikiiona inaanza kukata hapo. Ndio maana picha zinarudi na majina yasiyo na maana kama f1234567, na faili iliyokuwa imetawanyika vipande inaweza kurudi imekatika.

Haya yote yanategemea diski bado inaonekana na inazunguka. Ikipiga tak tak tak au kompyuta haiitambui kabisa, izime, hio ni kazi ya maabara wanaoweza kuifungua kwenye chumba kisicho na vumbi. Na SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, ni habari nyingine, faili uliyofuta kwenye SSD iliyowashwa TRIM kwa kawaida hata PhotoRec haiioni, sababu mfumo umeshaiambia diski isafishe zile sehemu.