Si kila gemu ya zamani ni ya akedi

Jioni wateja wakishapungua, huwa tunabaki watu wanne mbele ya meza yangu ya kutengenezea simu, ghorofa ya pili ya jengo moja la maduka, akedi kama tunavyoliita hapa katikati ya Kampala, kila mtu na roleksi yake mkononi, ile chapati iliyokunjiwa mayai, tunazungumza gemu za zamani. Kuna Afande mstaafu, kuna kijana wa Busia anayeuza chaja, kuna Mkongo wa vitenge wa duka la pili, na mimi. Kiswahili ndicho kinachotukalisha pamoja. Afande alikipata jeshini, Mkongo alikuja nacho kutoka Bukavu, na kijana wa Busia hakumbuki hata alikiokota upande gani wa mpaka. Hakuna maongezi ninayoyapenda kama hayo. Lakini juzi Afande akasema tena, sijui mara ya ngapi, "Gemu ya akedi iliyonikamata kabisa ni Mario, ile ya kaseti ya njano." Wenzangu wakaitikia kwa vichwa, ingawa kaseti hiyo huchomekwa kwenye mashine ya kuchezea nyumbani kwenye TV. Mimi nikatafuna roleksi, nikanyamaza, kwa sababu ni mtu mzima.

Maana yenyewe ni fupi. Gemu ya akedi ni ile iliyotengenezwa ikae ndani ya mashine yake yenyewe, kabati la kusimama lenye skrini, kijiti na vitufe, iwekwe mahali pa watu, na isikuruhusu kucheza mpaka utumbukize sarafu. Ukifa, unatumbukiza nyingine. Uzee wa gemu si sharti, picha za vidoti vidoti si sharti, wala ile miziki ya ting-ting si sharti. Afande ameshika hayo matatu, ameiacha sarafu.

Sasa neno. Ukimtajia mtu wa Kampala akedi, gemu haimjii kabisa. Anaona jengo la ghorofa lenye vyumba vya maduka vilivyobanana kama meno, ngazi nyembamba, suruali za jinzi zimening'inizwa mpaka njiani, na kijana anakushika mkono: "Ssebo, ingia uone tu, kuona ni bure." Nairobi jengo la namna hiyo wanaliita eksibisheni. Dar es Salaam utasikia mtu amepata fremu Kariakoo. Sisi tukabaki na akedi, na wasomi wa gemu wakitucheka kwamba tumelipotosha neno, ukweli ni kwamba sisi ndio tuliolishika karibu na shina.

Shina lake ni Kilatini, *arcus*, yaani upinde, ule ule wa kurushia mshale. Mlango au dari ikijikunja kama upinde, Waitaliano wakasema *arcata*, Wafaransa wakasema *arcade*, Waingereza wakalibeba hivyo hivyo. Kiswahili kina jina safi la umbo hilo: tao, wingi wake matao. Vijana wa Nairobi nao wana "tao" yao, ambayo ni mji, nayo imetoka kwenye Kiingereza, haihusiani. Lakini mtu akisema "naenda tao kununua viatu akedi", masikio yangu yananicheza, maana nasikia neno moja limetamkwa mara mbili.

Matao yakipangwa mstari yanaleta njia yenye kivuli, na penye kivuli mwenye duka hakosi. Nenda Jinja, tembea Main Street, utazame maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi: mbele kuna veranda na nguzo, unapita duka hadi duka bila mvua kukugusa. Wazo ni hilo hilo. London mwaka 1819 walifungua njia iliyoezekwa paa, maduka kushoto na kulia, wakaiita Burlington Arcade. Ipo mpaka leo, ina walinzi wa kofia ndefu nyeusi, na kupiga mluzi ndani ni marufuku. Mtu wa Kampala akiingizwa mle amefungwa macho, kisha akafunguliwa, angejua yuko akedi. Angeshangaa tu kwamba hakuna aliyemshika mkono.

Neno likavuka bahari hadi Marekani, na huko likapata kazi nyingine. Mwishoni mwa karne ya 19 kulizuka kumbi zilizojaa mashine za kutumbukiza senti: hii unaweka sikio uimbiwe, ile unachungulia kitundu uone picha zinazotembea. Kumbi hizo zikaitwa akedi za senti. Baadaye zikaingia mashine za kupigapiga gololi ya chuma, pinboli. Mwaka 1971 ikaja Computer Space, ya kwanza ya skrini kuuzwa kibiashara kwa mtindo wa sarafu, na mwaka uliofuata kampuni ya Atari wakaleta Pong, gemu ya kupigiana mpira kwenye skrini. Mashine zilibadilika, jina la ukumbi likabaki, mwishowe jina likahama kutoka ukumbini likaikalia gemu.

Kwa hiyo akedi ni mahali kwanza. Ni kama kuku wa Namawojjolo, pale njia ya Jinja. Huyo si aina ya kuku. Ni kuku aliyechomewa Namawojjolo, ukanunua umekaa dirishani mwa teksi, vijana wamekukimbilia na vijiti. Ukimchoma mwenyewe nyumbani Bweyogerere atakuwa kuku mtamu, pengine hata kumzidi yule, lakini huwezi kumwita wa Namawojjolo.

"Sasa tofauti iko wapi?" Afande huuliza hivyo, akidhani nachambua maneno kama mwalimu wa sarufi. Tofauti iko ndani ya gemu yenyewe, kwa sababu mahali palipo na sarafu paliifinyanga.

Pong ya majaribio iliwekwa kwenye baa moja huko Sunnyvale, California. Siku chache baadaye mwenye baa akapiga simu kwamba mashine imegoma. Fundi aliyeitengeneza, Allan Alcorn, akaenda akaifungua, akakuta ugonjwa ni sarafu: zilikuwa zimejaa mpaka zikafurika na kuikwamisha. Tangu siku hiyo kila mtu katika biashara ile alijua gemu ni nini. Gemu ni konda. Kazi yake ni kukusanya nauli na kukushusha ili apande mwingine.

Ukishaliona hilo, mambo mengi yanajieleza. Mbona mashine ikiwa haina mtu inajichezesha yenyewe, taa zinawaka, milio inalia? Inapiga debe, kama wapiga debe wa Old Taxi Park. Mbona ukifa inahesabu tisa, nane, saba? Inakuharakisha uingize mkono mfukoni kabla akili haijarudi. Ndani ya kabati kulikuwa hata na swichi ndogo ndogo ambazo mwenye mashine aliweza kuzibonyeza, akaamua wewe upewe maisha mangapi kwa sarafu yako. Biashara ikiwa mbaya, anakupunguzia roho. Kama mwenye nyumba na maji ya bomba.

Gemu ya akedi pia haikuhitaji mwisho. Pac-Man ya mwaka 1980 haina binti mfalme wa kuokoa. Unakula vidoti, unakimbia mizimu, ukimaliza unapewa vidoti vingine, mpaka ufe. Wachache waliofika hatua ya 256 walikuta nusu ya skrini imeharibika, herufi na namba zimetapakaa, kwa sababu kihesabio cha hatua kilikuwa na nafasi ya kuanzia 0 hadi 255 tu. Watengenezaji hawakutegemea mtu kufika kule. Kule mbali hakukuwa na sarafu ya kuvuna.

Gemu ya nyumbani ni mambo mengine. Umeshalipa dukani, imekwisha. Hata ukicheza mpaka alfajiri hakuna anayepata senti zaidi, kwa hiyo inakulea: inakupa siri za kugundua, njia za mkato, na mwisho wa kuufikia ili ujisikie umefaidi pesa yako.

Ushahidi wangu mkubwa ni wimbo ambao Mkongo wa vitenge anaujua kuliko namba yake ya simu: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Akisema hivyo, vidole vyake vinacheza hewani na kitenge cha mteja kimemlalia begani. Kwenye Contra ya kaseti, gemu ya kupiga risasi, ukiubonyeza mwanzoni unapewa maisha 30. Ulitoka wapi? Kampuni ya Konami walikuwa na gemu ya akedi inayoitwa Gradius, ya mwaka 1985. Mwaka uliofuata Kazuhisa Hashimoto akapewa kazi ya kuihamishia kwenye mashine ya nyumbani. Katika kuijaribu ikamshinda, ngumu mno, basi akajitengenezea mlango wa uani wa kupata silaha zote, na mlango ukabaki ndani gemu ilipouzwa. Yaani ule wimbo ulizaliwa mpakani kabisa, pale gemu ya akedi ilipokuwa inavuka kuingia sebuleni. Contra nayo ilianza kwenye mashine ya sarafu mwaka 1987, lakini humo ndani maisha 30 ya bure hayakuwepo. Konda gani anakupandisha mara 30 kwa nauli moja?

Kijana wa Busia ana swali ambalo huwa linanikosesha raha. Vile vibanda vya PlayStation mitaani, unalipia mechi moja ya FIFA, dakika zikiisha unampisha mwingine, je, si akedi? Mahali penyewe nakubali ni akedi, tena kwa haki zote. Kuna foleni, kuna kelele, kuna bingwa wa mtaa asiyetoka kitini na wengine wanamsubiri aanguke. Pale ninapochezea pool mimi, unaweka sarafu yako ya 500 ukingoni mwa meza kushika zamu. Marekani enzi za Street Fighter II, gemu ya kupigana ya watu wawili, mwaka 1991 na kuendelea, vijana walipanga sarafu kwenye ukingo wa skrini kwa sababu hiyo hiyo. Lakini gemu ya FIFA yenyewe haina habari na pesa yako. Anayekuinua kitini ni mwenye kibanda, si mashine. Kwa hiyo mahali ni akedi, gemu si ya akedi. Kijana husema najitetea, na labda ni kweli.

Na tafadhali, zile mashine za kamari zilizotapakaa kwenye vituo vya biashara vijijini zisiingizwe humu. Nazo zinameza sarafu, nazo zina taa, ndiyo maana mama mmoja aliposikia tunataja akedi akamwita mwanawe arudi haraka. Simlaumu. Hata New York walizichanganya: mwaka 1942 pinboli ikapigwa marufuku kwa kuitwa kamari, na marufuku hiyo ikadumu mpaka 1976, alipoitwa mchezaji hodari wa pinboli, Roger Sharpe, mbele ya madiwani. Akatangaza gololi itapita wapi, akavuta, ikapita palepale. Mchezo wa mkono, si wa bahati. Kwenye mashine ya kamari hata uwe na mkono wa namna gani hutangazi kitu. Na sheria yetu ya mwaka 2016 inakataza kamari kwa mtu wa chini ya miaka 25, wakati Pac-Man hakuwahi kumuuliza mtoto umri.

Nirudi kwa Afande. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilitengenezwa kwa ajili ya Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo. Zile tivigemu za bei rahisi tulizokua nazo, pamoja na kaseti zao za njano zilizoandikwa zina gemu 9999 na kumbe ni chache zinazorudiwa kwa majina tofauti, zote ni nakala za Famicom hiyo. Alizicheza amekaa kwenye mkeka, hajatumbukiza kitu.

Najua mjuzi mmoja ataniletea Vs. Super Mario Bros. ya mwaka 1986, toleo la sarafu. Ailete, itanisaidia. Nintendo walipompeleka Mario kwenye mashine za kulipia walimfanyia ugumu: maisha ya ziada yakapunguzwa, na baadhi ya hatua zikaondolewa zikawekwa kali zaidi. Sarafu ilipoingia tu, gemu ikabadilika tabia.

Kwa hiyo Afande, ukitaja kaseti ya njano, sema tivigemu, na sote tutakuelewa. Na kama hutaki kumtoa Mario akedi, kuna njia. Shika Donkey Kong ya mwaka 1981, ile ya mashine ya kusimama. Yule mtu mfupi anayepanda ngazi na kuruka mapipa ndiye yeye, ila wakati ule alikuwa anaitwa Jumpman.