Programu Hubisha Hodi, Prosesa Ndiyo Bawabu

Kwenye saiba yoyote ya Kisumu utaona programu moja ikikwama na nyingine zikiendelea na kazi. Wengi husifu Windows au Linux kwa hilo, na ni haki yao. Lakini bawabu mwenyewe amejengwa ndani ya prosesa, nasi tunaofundisha kompyuta humtaja kwa nadra mno.

Programu ya kawaida hairuhusiwi kugusa diski wala printa moja kwa moja. Ikihitaji huduma, kwa njia ya jadi hubisha hodi kwa amri ya INT na kutaja nambari, kati ya 0 na 255. Hicho ndicho kikatizo cha programu. Linux ya biti 32 ilitumia nambari 128.

Katika prosesa ya 8086 ya mwaka 1978, nambari hizo zilisomwa kwenye jedwali la baiti 1,024 lililokaa mwanzoni mwa kumbukumbu. Kila nambari ilikuwa na anwani ya huduma yake humo, na programu yoyote iliweza kuifuta na kuweka yake. Virusi vingi vya enzi ya DOS, mfumo endeshi wa zamani, viliingilia hapo hapo.

Prosesa ya 80286, mwaka 1982, ikaleta hali ya ulinzi. Tangu hapo kila nambari ina lango, na lango limeandikwa ni ngazi gani ya mamlaka inayoweza kulibisha. Ngazi 0 ni ya kiini, yaani sehemu kuu ya mfumo endeshi kama Windows au Linux. Programu zetu zipo ngazi 3. Prosesa hulinganisha yenyewe, bila kumuuliza mtu. Programu ikibisha lango lisilo lake, hutokea kosa nambari 13 na kiini huitwa kuamua hatima yake. Vikatizo vya kibodi na saa havipimwi hivyo, kwa kuwa si programu iliyoviita.

Hata aliyeruhusiwa haaminiwi. Anwani ya kuingilia iliandikwa mapema na kiini. Steki ya programu, yaani kumbukumbu yake ya muda, nayo huachwa nje, maana huenda ni mbovu au imetegwa; prosesa huchukua steki ya kiini kutoka rekodi iitwayo TSS, ikahifadhi kwenye steki hiyo mahali programu ilipofikia. Amri ya IRET huirudisha pale pale. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo la busara kuliko yote katika muundo huu.

Vijana wa asembli, lugha ya amri za prosesa, jaribuni kwenye Linux: andikeni INT 14, lango la ngazi 0, kisha muiendeshe. Programu itafungwa papo hapo, na mashine itaendelea na kazi zake.