Kabla ya Kuchagua Rangi ya Sakafu, Lichunguze Zege Lenyewe

Wengi wanaonijia wakitaka sakafu ya zege iliyotiwa rangi huja na picha: sebule pana, sakafu ya kahawia iliyokolea, inang'aa, ina mabaka laini kama ngozi ya mkoba wa zamani uliotunzwa. Nami huwaomba picha nyingine, ya zege lao lilivyo leo, zulia likiwa limeondolewa. Hiyo ya pili ndiyo inayoniambia kama kazi itakubali. Rangi hii haifuniki kitu. Hupenya, na ikishapenya huonyesha kila kilichoipata sakafu hiyo tangu siku ilipomwagwa. Uzuri wake wote unatoka hapo, na majuto ya wenye nyumba pia.

Zipo aina mbili kuu. Ya kwanza ni rangi ya asidi: kimiminika chenye asidi, mara nyingi ya hidrokloriki, pamoja na chumvi za madini kama chuma, manganizi na shaba. Saruji inaposhikana na maji huzalisha chokaa ndani ya zege. Asidi huufungua uso wa zege, kisha chumvi zile hukutana na chokaa na kugeuka kuwa madini ya rangi yasiyoyeyuka tena kwa maji. Rangi inakuwa sehemu ya zege, kwa hiyo haichubuki wala haibanduki, na jua haliipaushi kirahisi. Ila rangi zenyewe ni chache, nyingi za udongo: kahawia, hudhurungi, wekundu uliofifia, na ile ya kijani inayoelekea buluu, ambayo hutokana na shaba. Hii ya shaba siipendekezi mahali penye unyevu, kwa sababu huweza kugeuka nyeusi. Tena hakuna fundi mwaminifu atakayekuahidi kukupatia rangi ileile uliyoiona kwenye picha, maana chokaa haijasambaa sawasawa ndani ya zege lolote. Pengine itakolea, pengine itafifia. Anayetaka sakafu yenye rangi moja kutoka ukuta hadi ukuta namshauri aachane na asidi mapema.

Aina ya pili ni rangi ya maji. Hii ni chembe laini za rangi, kwa kawaida pamoja na akriliki, zinazoingia kwenye vitundu vya zege na kushika humo. Hakuna badiliko la kikemia, kwa hiyo rangi za kuchagua ni nyingi, matokeo yanatabirika zaidi, harufu ni kidogo na hakuna asidi ya kusafisha baadaye. Inachokosa ni kile kina cha rangi ya asidi, ile hali ya kuona kana kwamba unatazama ndani ya jiwe. Na kwa kuwa inategemea vitundu, zege lililokandamizwa mno kwa mwiko wa chuma hadi uso wake ukaziba haliipokei vizuri.

Sasa turudi kwenye zege lako. Jaribio la kwanza halina gharama: dondosha maji kidogo sehemu mbalimbali za chumba, hasa pembeni na milangoni. Yakinywewa na kuacha alama nyeusi ya unyevu, uso uko wazi. Yakisimama na kuwa matone, kuna kitu kimeziba: nta ya zamani, mafuta, mabaki ya rangi ya ukuta, au dawa iliyopuliziwa zege likiwa bichi ili lisikauke haraka. Kitu hicho lazima kiondolewe kwa kusuuza na kusugua, na mara nyingine kwa mashine ya kusaga. Hapo kuna kosa ninalolikuta mara kwa mara: mtu anasafisha zege kwa asidi kali ya kusafishia kabla ya kupaka rangi ya asidi. Asidi hiyo hula chokaa ileile ambayo rangi inaihitaji, na rangi ikija haikuti cha kukutana nacho.

Jaribio la pili ni la unyevu. Chukua karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibandike kwenye zege kwa utepe kingo zote, uiache kwa saa 16 au zaidi. Ukiibandua ukakuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Rangi yenyewe inaweza kuvumilia. Tatizo ni ile dawa ya kukinga inayopakwa juu: unyevu huisukuma kutoka chini, ikageuka nyeupe kama ukungu au ikaanza kubanduka, na chumvi nyeupe ikatokeza usoni. Sakafu ya namna hiyo siipaki rangi mpaka chanzo cha maji kishughulikiwe.

Kisha nyufa. Ufa mwembamba kama unywele ukitiwa rangi ya asidi mara nyingi hupendeza, na wapo wanaoutaka makusudi. Ufa uliozibwa ni jambo jingine, kwa sababu kiraka hakina umri wala mchanganyiko wa zege linalokizunguka, na kitapokea rangi kwa namna yake. Vivyo hivyo matundu ya misumari iliyoshika zulia, na vivuli vya gundi ya vigae vilivyong'olewa. Gundi ikikwanguliwa ikaisha kwa macho, bado mistari yake huweza kurudi rangi inapokauka. Mwenye nyumba akiniambia chini ya vigae vyake kuna zege zuri, humwomba tung'oe vichache kwanza kabla hatujazungumza chochote kuhusu bei.

Nikitaja bei: watu husikia kwamba sakafu hii ni nafuu, na ni kweli pale tu zege lilipo safi na zima, maana hununui sakafu mpya, unapamba uliyo nayo. Ukianza kusaga, kuziba na kukwangua gundi, unafuu huo unayeyuka haraka. Mara nyingine tabaka jembamba jipya la saruji juu ya zege la zamani ndilo jibu, na hapo gharama yake inaweza kufika ya vigae vizuri.

Wanaojenga upya wana nafasi bora kuliko wote, wakiipanga kazi tangu mwanzo. Rangi ya asidi isubiri zege likomae, kwa kawaida siku 28. Mwambie anayemwaga zege kwamba ndiyo sakafu ya mwisho, ili asitumie kloridi ya kalsiamu kuharakisha ugumu, kwa sababu huleta mabaka meusi yasiyotoka. Na tafadhali ilindeni. Mabomba yakipakwa grisi juu yake, fundi umeme akiandika vipimo kwa chaki nyekundu, ubao ukilazwa wiki nzima juu ya zege bichi, vyote hivyo vitasomeka baadaye. Nimeona umbo zima la ubao likijitokeza katikati ya sebule baada ya rangi, na hakuna la kufanya isipokuwa kusaga.

Kuishi juu yake kuna raha na adha zake. Haina maungio ya kukusanya uchafu wala nyuzi za kuficha vumbi, na wenye pumu au mzio hufurahia hilo. Kucha za mbwa na miguu ya viti haviliumizi zege lenyewe. Zege hutunza joto na baridi kwa muda mrefu, kwa hiyo jua la dirishani au mabomba ya joto chini ya sakafu hulifaa sana. Bila joto hilo, asubuhi ya baridi miguu itajua. Ni gumu pia: sahani ikianguka ni kwaheri, magoti na mgongo wa anayesimama jikoni kwa saa nyingi hulalamika, na sauti huruka chumba kizima. Nyumba yenye mtoto anayejifunza kutembea au mzee asiye imara, ningependa iwe na mazulia mazito yasiyoteleza mahali pa kupita. Bafuni, dawa ya kukinga ichanganywe na chembe ndogo za kuleta msuguano. Bila hizo, uso uliong'arishwa ukilowa huangusha mtu.

Dawa hiyo ya kukinga ndiyo itakayoamua sakafu itaonekanaje baada ya miaka. Ya akriliki ni nafuu na rahisi kurudia, ila hulika upesi. Ya epoksi ni ngumu lakini hugeuka njano ikipigwa na jua. Poliyurethani hustahimili mikwaruzo vizuri, na ndiyo ninayoitumia jikoni na kwenye vijia, mara nyingine juu ya epoksi. Baada ya rangi ya asidi, sakafu lazima kwanza itulizwe kwa maji ya magadi au amonia, kisha isuuzwe mpaka maji yatoke safi. Masalia yakibaki, dawa haishiki. Siku za kawaida, sabuni isiyo kali inatosha. Siki na limau viwekwe mbali, kwani penye kinga iliyolika hula zege.

Kabla sijaanza chumba chochote, hupaka kipande cha majaribio kwenye zege hilohilo, mahali kabati litakaposimama, nikakitia na dawa ya kukinga ileile, kwa sababu rangi kavu isiyokingwa hupauka na kudanganya macho. Mwenye nyumba akitazame mchana na akitazame taa zikiwashwa. Asipokipenda, kabati litakificha, na sakafu nyingine yote bado haijaguswa.