Je, wajua kipimo cha ADA hutambuaje TB bila kumwona bakteria?

Mgonjwa ana homa za jioni, ubavu unamchoma akivuta pumzi, na eksirei inaonyesha weupe upande mmoja wa kifua. Mtaani watasema ana maji kwenye mapafu. Maji hayo hasa yako nje ya pafu, kati ya tando mbili zinazolizunguka, nayo hulibana lisijae hewa. Daktari huyavuta kwa sindano mgongoni, akipita juu ya mfupa wa ubavu kwa kuwa mishipa ya damu imejificha chini yake. Mara nyingi hutoka ya manjano, kisha yanapelekwa maabara kupimwa ADA.

Wengi wanaamini kwamba ADA ni kitu kinachotemwa na bakteria wa TB, hivyo ikipanda, bakteria wamepatikana. Sivyo kabisa. ADA, yaani adenosini diaminesi, ni kimeng'enya cha mwili wetu wenyewe. Kila mtu anacho, na chembe za kinga zikichachamaa hukitoa kwa wingi. Kwenye TB, sehemu kubwa hutoka kwa monosaiti na makrofaji, chembe zinazowavamia bakteria hao. Kinachopimwa basi ni hasira ya mwili.

Fikiria umesikia kelele za mwizi usiku. Unafungua dirisha, mwizi humwoni, kashapotelea vichochoroni. Unaowaona ni majirani, huyu na rungu, yule na tochi, na kadiri wanavyozidi ndivyo unavyojua kuna jambo. ADA huhesabu majirani. Ila umati huohuo ungeweza kutolewa na nyoka au moto, na ndiyo maana usaha kifuani, saratani ya limfoma na hata baridi yabisi vinaweza kuipandisha vilevile.

Na mwizi mwenyewe? Hutafutwa, lakini kwenye maji haya bakteria ni wachache mno. Darubini huwaona kwa mgonjwa chini ya 1 kati ya 10. Kuwaotesha huchukua wiki kadhaa, na mara nyingi hawaoti. Hata GeneXpert, mashine inayosaka vinasaba vya bakteria wa TB na iliyo hodari kwenye makohozi, hapa huwakosa wagonjwa wengi.

Njia ya zamani ya kupima inapendeza kuitazama. Maji huchanganywa na adenosini, kemikali ambayo ADA huivunja, yakaachwa kwenye nyuzi 37 kwa saa 1. Kimeng'enya kinang'oa amonia, kemikali zinaongezwa, na rangi ya bluu inajitokeza. Ikikolea, ADA ni nyingi. Watafiti wa Italia walieleza matumizi yake kwa maji ya kifua mwaka 1978, na mpaka uliozoeleka sana ni uniti 40 kwa lita.

Namba hiyo haina uzito uleule kila mahali. Kwa kijana wa Kenya au Tanzania, ambako TB ni nyingi, ADA ya juu pamoja na limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za kinga) nyingi kwenye maji humpa daktari sababu nzuri ya kuanzisha dawa, na hupanda hata kwa wengi wanaoishi na VVU. Kule TB ilikoadimika, ADA ya chini ndiyo yenye faida zaidi, kwa kuiondoa TB kwenye orodha.

Jambo moja ADA haiwezi kulisema: kama bakteria huyo ni sugu kwa dawa. Kwa hilo lazima apatikane mwenyewe, kwa hiyo sehemu ya maji, au kipande kidogo cha utando, bado hupelekwa kuoteshwa.