Je, wajua kwa nini ahadi huishia jukwaani hata pale mgombea alipoimaanisha?

Wakati wa kampeni mtaani kwetu, si mbali na Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, mgombea ubunge alipanda juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilichofungwa spika mbili, akaunyooshea kidole mtaro uliojaa chupa za plastiki na maji meusi. "Nitaanza na huu," alisema. Mama muuza vitumbua aliacha karai motoni, akapiga vigelegele. Baada ya ushindi, yule bwana alirudi mara mbili na mafundi wa kupima, wakavuta futi kamba toka kona hadi kona. Mtaro haukuchimbwa. Mtaa mzima ukasema katudanganya.

Mimi siamini kwamba alidanganya. Ninavyoona, aliahidi kitu ambacho ufunguo wake hakuwa nao.

Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalizuia Bunge kushughulikia jambo la kuongeza kodi au matumizi ya Serikali, isipokuwa Rais awe amelipendekeza na waziri akaliwasilisha. Kwa hiyo mbunge anaweza kuuliza swali, kushika shilingi ya waziri (kuzuia kwa muda bajeti yake isipite), hata kulia machozi ukumbini, lakini hawezi kuandika fungu la bajeti la mtaro wenu na kulipitisha. Upo Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, nao unasaidia mabati, saruji na madawati. Mtaro mkubwa wa mjini hauwezi. Ndiyo maana jibu huwa "upembuzi yakinifu unaendelea" na "kulingana na upatikanaji wa fedha". Ukiyasikia maneno hayo, ujue ahadi bado haina fungu.

Chama kinachoshika serikali ni habari nyingine. Mwaka 2017, watafiti walichapisha katika American Journal of Political Science uchambuzi wa ahadi zaidi ya 20,000 kutoka kampeni 57 za nchi 12 za Ulaya na Amerika Kaskazini. Waligundua kwamba vyama vinavyotawala peke yake hutimiza ahadi zake nyingi kuliko vile vinavyogawana madaraka. Hakuna nchi ya Afrika katika hesabu hiyo, lakini sababu yake inaeleweka hata Manzese: aliyeshika kalamu na hazina hana wa kumzuia.

Tazama ahadi ya elimu bila malipo. Ada hadi kidato cha nne ilifutwa kwa waraka wa mwaka 2015, na Januari 2016 watoto wakaingia. Ahadi ilitimia, na nasema hivyo kwa moyo mweupe, maana nawajua watoto ambao bila hiyo wangekuwa wanauza maji ya kandoro stendi. Lakini kufuta ada ni kazi ya kalamu. Darasa linataka tofali, na mwalimu anataka mshahara kila mwezi. Shule za Dar zikafurika, watoto wakasoma kwa zamu, asubuhi na mchana. Madarasa 15,000 kwa mpigo yalijengwa nchini baada ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa mwaka 2021, uliotolewa kwa ajili ya Uviko. Nia ilikuwepo tangu mwanzo, fedha ndiyo ilichelewa.

Sheria nayo husaidia. Kwa miaka mingi halmashauri zilikuwa na maelekezo tu ya kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake na vijana. Aliyetaka alitenga, asiyetaka aliacha. Mwaka 2018 yakaingizwa kwenye sheria, mikopo ikawa haina riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo ilisimamishwa baada ya ukaguzi wa CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kuonyesha fedha zisizorejeshwa, kisha mwaka uliofuata ikarudishwa. Ilirudi kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Neno la jukwaani lingesahaulika.

Lakini kuna ahadi ambazo fedha haiwezi kuwa kisingizio, na hapo ndipo mimi hupimia nia. Ni zile zinazomgharimu mwenyewe anayeahidi. Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi kukusanya maoni ya Katiba mpya, na rasimu yake ikapendekeza ukomo wa mihula mitatu kwa mbunge, na haki ya wapigakura kumwondoa mbunge wao kabla ya muda kwisha. Haki hiyo haihitaji mkopo wa mtu. Mwaka 2014 rasimu ilifika Bunge Maalumu, Dodoma, ambamo wabunge wote walikuwa wajumbe, pamoja na Wawakilishi wa Zanzibar na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais. Katika Katiba Inayopendekezwa iliyotoka humo, vipengele hivyo viwili havikuwemo. Inaniuma hadi leo, kwa sababu walioviondoa walikuwa mahakimu wa kesi yao wenyewe.

Kura ya maoni kuhusu Katiba hiyo, ya Aprili 30, 2015, iliahirishwa, na haijafanyika. Kama kipengele kile cha kumwondoa mbunge kingepona, na kura hiyo ikapigwa na kukipitisha, mama muuza vitumbua asingelazimika kungoja miaka mitano. Angekuwa anapita nyumba hadi nyumba kukusanya sahihi, mvua za masika zikiusukuma mtaro hadi mlangoni kwake.