Motifu sio mkasi jamani

Juzi nimeletewa tena. Kijana wa masters kaandika kiskripti (kiprogramu cha kompyuta), katafuta motifu, yaani mfuatano mfupi wa herufi za DNA, CCNCCNTNNCCNC, kwenye jenomu nzima (DNA yote ya mtu), kapaka njano kila inapotokea, anakuja mbio, "Dokta, nimepata sehemu zote DNA inapokatika ili kromosomu zibadilishane vipande!" Mdogo wangu, hapana.

Tupige hesabu. Motifu ina herufi 13 ila 5 ni N, yaani yoyote twende, zinazobana ni 8 tu. Tukijifanya herufi zote nne za DNA ziko sawasawa, utaikuta kwa bahati tu mara moja kila herufi 65,536, na jenomu yetu ni bilioni 3, kwa hiyo hapo una zaidi ya 45,000 na bado uzi wa pili wa DNA hujaugusa. Wakati baba akitengeneza mbegu, kromosomu zinabadilishana vipande mara 26 hivi. Hizo nyingine karibu zote zimelala.

Motifu haikati kitu. Protini iitwayo PRDM9 inaishika kwa vidole vyake vya zinki (sehemu zake zinazoshika DNA), inaweka alama kwenye histoni za jirani (protini ambazo DNA imezungushiwa), ndo SPO11, protini ya kukata, anakuja kukata, na mikato mingi inazibwa bila kromosomu kubadilishana chochote. Hapo nimekimbia, kasome.

Kinachoniudhi ni hiki: motifu ya nani? Hiyo ya herufi 13 ni ya PRDM9 aina ya A, ambayo Ulaya ndo imejaa. Ramani ya 2011 ya wapi kromosomu za Wamarekani weusi zinabadilishana vipande ilionyesha wazi kwamba wenye asili ya Afrika Magharibi wana aina zingine ambazo Ulaya ni nadra, vidole tofauti, motifu ya herufi 17, na hotispoti (sio za simu, ni sehemu kromosomu zinapobadilishana sana) ambazo Wazungu karibu hawana. Halafu mtu anachukua sampuli za Afrika Magharibi, anatumia ramani ya Ulaya, anashangaa mbona haviendani. Na mbwa je? Jeni yake ya PRDM9 ilishakufa zamani na anazaa kama kawaida, mikato yake inajikusanya pale jeni zinapoanzia.

Tena motifu kali inajimaliza, maana kromosomu iliyokatwa inajiziba kwa kunakili ya mwenzake ambayo haikukatwa, herufi zake zinapotea hivyo hivyo.

Ila nakiri, nipe nakala mbili za motifu zinazofanana herufi kwa herufi uniulize ipi ya moto, yaani inayokatwa kweli, kwa kusoma tu siwezi kukwambia.

Kijana kauliza sasa abakize njano ngapi. Nimemwambia faili lake haliwezi kujibu hilo, tutafute data ya korodani, maana huko ndo mbegu zinatengenezwa na DNA inakatwa. Kacheka, kadhani natania.