Kukadiria ndege itaondoka lini katika shirika

Makadirio haya hufanywa kwa ndege mojamoja, kwa namba yake ya usajili: ni mwezi gani shirika la ndege litaacha kuirusha? Kuondoka si lazima kuwe mwisho wa maisha yake. Ndege ya miaka 8 hurudishwa kwa aliyeikodisha ikaruka kwingine. Ya miaka 20 hugeuzwa ya mizigo au hufumuliwa kwa ajili ya vipuri.

Wengi huanza na umri, na hapo ndipo wanapokosea. Mwili wa ndege huchoshwa na shinikizo la hewa linalopanda na kushuka kila safari, kwa hiyo hesabu muhimu ni ya mizunguko: kuruka mara moja na kutua. Ndege ya Aloha Airlines iliyong'oka paa angani mwaka 1988 ilikuwa na miaka 19, lakini mizunguko zaidi ya 89,000.

Hata hivyo, ndege nyingi huondoka kabla ya kufikia kikomo cha mwili. Zinaondolewa na gharama kubwa inayofuata. Kwa ndege inayomilikiwa na shirika lenyewe, tafuta tarehe ya ukaguzi mzito, ambao kwa kawaida huja kila miaka 6 hadi 12, ya matengenezo makubwa ya magurudumu na miguu yake, takriban kila miaka 10, na salio la injini, yaani mizunguko iliyobaki kabla sehemu zake hazijafikia kikomo. Tuseme diski ya injini, sehemu inayozunguka ndani yake, ina kikomo cha mizunguko 20,000 na imetumia 15,800. Ikiruka mara 6 kwa siku, siku 350 kwa mwaka, hutumia 2,100. Salio la 4,200 ni miaka 2. Ukaguzi mzito ukiangukia miezi 22 kutoka sasa, gharama hizo mbili zimekutana, na mimi ningeweka kuondoka kabla tu ya ukaguzi huo. Salio la injini peke yake lisikuamulie: mafundi huweza kuweka injini nyingine yenye mizunguko iliyobaki, iliyotolewa kwenye ndege iliyokwisha kuegeshwa.

Ndege ya kukodi hufuata mkataba. Lakini safari ya mwisho ya abiria hutangulia tarehe ya mkataba kwa wiki kadhaa au miezi, kwa sababu ya ukaguzi wa makabidhiano, rangi na ukamilishaji wa kumbukumbu za matengenezo. Kumbukumbu pungufu huchelewesha makabidhiano, na kodi huendelea kulipwa.

Kisha linganisha na ndege mpya zinazosubiriwa. Makadirio mengi huharibikia hapa. Boeing 777X, ndege kubwa ya toleo jipya, ilitarajiwa kukabidhiwa mwaka 2020. Ilipochelewa, mashirika yaliyoiagiza yalilazimika kubaki na ndege kongwe. Lufthansa, shirika la Ujerumani, iliegesha ndege zake kubwa za Airbus A380 mwaka 2020, kisha ikaanza kuzirusha tena mwaka 2023. Kwa hiyo andika kipindi, mfano miezi 18 hadi 24, na ukipime upya kila ratiba ya makabidhiano inapobadilika.